Haya ya Mzee Nyamwange

Laini ya Pili, Kericho
12 Mei 2024

Mama Duke,

Natumaini uko mzima huko Litein. Mimi niko, lakini siko sawa, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Simu yako inashikwa na Nelvine, kila ujumbe anausoma yeye kwanza ati macho yako ni mabaya, na haya mambo hayafai kusomwa na binti yangu. Nikipiga nayo, hapa kwenye laini ya wafanyakazi ukuta ni mabati matupu, nikikohoa jirani anasema pole. Kwa hivyo barua hii nitampa Nyaberi wa ndizi Jumamosi akimaliza kuuza. Nimeifunga kwa gundi. Ukiipata imefunguliwa, niambie.

Sasa ni hivi. Nina shida ya kwenda haja ndogo. Ilianza Januari, nikadhani ni baridi. Nikisimama, mkojo unakataa kutoka. Ninangoja hapo mpaka miguu inachoka, kisha unatoka kidogo kidogo, na unachoma. Nikifunga zipu, unataka tena. Usiku silali. Mchana tukikata michai, nyapara Weldon ananihesabu: "Mzee Nyamwange, leo umepotelea kwa majani mara saba, kuna nini huko?" Vijana wa gengi letu la kazi wanacheka. Nimeacha kunywa maji na chai tangu asubuhi mpaka tutoke kazini, angalau nipumzike. Lakini sasa mkojo wenyewe umekuwa mweusi na unachoma zaidi.

Nilienda kwa kemisti ya mjini. Kijana aliniangalia, akacheka, akasema mzee bado una nguvu. Akanidunga sindano, akanipa kapsuli, akaniambia na mama wa nyumbani ameze pia. Nimerudi kwake mara tatu na hakuna kitu kimebadilika.

Nina miaka sitini na moja, Mama Duke, na nimechoka mpaka kwa mifupa. Usimwambie mtu. Zaidi ya wote usiwaambie watoto.

Nyamwange


Litein
21 Mei 2024

Baba Duke,

Gundi ilikuwa sawa. Barua nimeisomea chooni, mahali pekee Nelvine hanifuati.

Wewe unafikiri mimi ni mjinga? Kemisti amekudunga sindano na amesema bibi naye ameze. Dawa inayomezwa na bwana na bibi pamoja ni ya ugonjwa gani? Umeniandikia ukurasa mzima wa baridi na nyapara, na hilo neno moja ukaliruka.

Wacha nikuambie kitu nilichonyamazia. Ulikuja Pasaka, ukalala siku tatu, ukaenda. Wiki iliyofuata nikaanza kuchomwa, kila nikienda haja nauma meno. Nikasema labda ni maji ya kisima. Nikaomba Mungu, nikanyamaza. Kumbe.

Ni nani? Ni yule Cheptoo wa kantini, uliyekuwa unamsifu ati chapati zake ni laini? Miaka thelathini na nne nimekaa na shamba lako na ng'ombe wako na mama yako mpaka tukamzika, kumbe wewe uko huko unakula chapati!

Nenda ile hospitali kubwa ambayo kampuni hupeleka wafanyakazi. Upimwe, upewe karatasi, uniletee. Bila karatasi usikanyage hapa. Sipigi kelele, sina hata nguvu ya kupiga kelele, nimeamka saa kumi kukamua. Nataka karatasi tu.

Bilhah


Laini ya Pili
4 Juni 2024

Mama Duke,

Naapa kwa kaburi la mama yangu, kwa vile umemtaja. Hakuna mwanamke. Cheptoo ana miaka ishirini na sita na ananiita babu. Na chapati zake siku hizi sinunui, kwa sababu chapati inataka chai, na chai inataka choo.

Lakini hospitali hiyo siendi. Sababu unaijua, na kama umesahau nitaiandika, ingawa mkono unakataa. Mke wa Duke anafanya kazi pale. Unataka nilale kitandani, nivue suruali, na Esnah, mke wa mwanangu, apite na faili yangu mkononi? Tangu aolewe, huyo msichana hajawahi kuketi mahali nilipoketi. Akijua niko uani anazunguka jikoni. Mimi nikimwona njiani navuka ng'ambo. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima tuliyolelewa nayo wewe na mimi, na haikuisha kwa sababu tulihamia huku kwa Wakipsigis. Hata asiponigusa, jina langu litaandikwa na atalisoma: Nyamwange, miaka sitini na moja, shida yake ni hii. Baada ya hapo nitakula chakula chake namna gani?

Hospitali nyingine iko mbali na siku yangu ya kupumzika ni moja. Weldon ameniambia hata kwao mkwe ni mkwe, lakini uhai ni uhai. Nikamwambia uhai wa kutazamwa mimi siutaki.

Kama huniamini, sina la kuongeza.

Nyamwange


Litein
9 Juni 2024

Mama Nyagaka,

Wasalimie Duke na mtoto wenu Nyagaka. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako na ya Duke ni kama simu moja, na hili jambo si lake.

Kuna mzee mmoja wa kanisa letu, amepita sitini, ana shida ya mkojo. Hautoki vizuri, unakatika katika, unachoma, na kulala kwake kumekuwa kwa kuamka amka. Anafanya kazi mbali na nyumbani. Kemisti anamdunga sindano ya ule ugonjwa wa kutembea na wanawake. Bibi yake naye alichomwa baada ya mzee kuja nyumbani. Sasa huyo bibi ndiye amenituma, anaona haya. Anataka kujua jambo moja tu: je, ni lazima mzee awe ametoka nje?

Wiki tatu hajalala vizuri. Anapika chakula, anakiangalia, anampa mbwa. Nguo za mzee amezifunga kwenye gunia, ziko nyuma ya mlango, na kila siku anasema leo nitamtumia, na hatumi.

Nijibu, mwanangu, na usimwambie mtu.

Mama


Bomet
15 Juni 2024

Mama,

Pole kwa huyo bibi. Mwambie nimemsikia.

Kwanza, hapana, si lazima. Wanaume huumwa huko kwa sababu nyingi, na sisi wote, hata kemisti, tunakimbilia ile moja. Kuna kisonono na wenzake, ndiyo, magonjwa hayo huchoma na mara nyingi hutoa usaha. Kuna maambukizi ya kawaida ya mkojo ambayo hayakuletwa na mwanamke yeyote. Kuna mawe ya figo, hasa kwa mtu anayeshinda juani bila kunywa maji. Kuna hata sabuni kali, au dawa ya kunyunyizia shamba iliyobaki mkononi mtu akienda haja bila kunawa. Lakini Mama, mzee wa umri huo, mkojo ukikataa kuanza, ukikatika, ukimwamsha usiku kucha, mimi ningeangalia tezi dume kwanza. Ni tezi ya wanaume, iko chini ya kibofu, inakua na umri na kuubana mrija. Si dhambi, ni uzee. Mara chache ni saratani, ndiyo maana lazima apimwe.

Bibi naye apimwe mkojo hapo dispensari ya karibu. Wanawake hupata maambukizi bila mtu kuwaletea. Asivunje nyumba kabla ya kusikia maabara imesema nini.

Mzee anywe maji, asijinyime. Aache sindano za kemisti. Na asimeze tembe za mafua, zile za kufungua pua. Kwa mtu wa hali hiyo zinaweza kufunga mkojo kabisa. Hilo mwambie bibi alikazie.

Mama, kama huyo mzee ana mtu anayemwonea haya hospitalini, mtu huyo atakuwa likizo kuanzia Julai tarehe moja, wiki mbili nzima. Mzee aje wakati huo. Faili yake mtu huyo hataifungua, ninamjua.

Esnah


Litein
22 Juni 2024

Baba Duke,

Nilienda dispensari. Wamepima mkojo wangu, ni maambukizi ya kawaida, yule ofisa hata alinicheka kwa vile nilimwuliza mara tatu. Nimepewa dawa za siku tano na nimepona. Sisemi kwamba nimekuamini kabisa. Nasema nguo zako nimezirudisha kabatini.

Kuna mama wa kanisa ambaye bwana yake aliugua hivyo hivyo. Anasema kwa wazee ni tezi, si wanawake. Kunywa maji, Baba Duke. Vijana wa gengi wacheke wakitaka. Usirudi kwa huyo kemisti.

Na nimesikia mke wa Duke atakuwa likizo wiki mbili za kwanza za Julai. Nenda hiyo wiki ya kwanza. Hutakutana naye, na faili yako hataiona. Nimeuliza.

Najua mvua inawanyeshea huko. Vaa ile sweta.

Bilhah


Bomet
29 Juni 2024

Mama,

Keti kwanza.

Jana Ijumaa, saa tano asubuhi, pikapu ya kampuni ilileta mgonjwa pale kwa dharura. Nilisikia kelele kabla ya kuona mtu. Sijawahi kumsikia akipaza sauti maishani mwangu, kwa hivyo sikujua ni nani. Nikavuta pazia, na ni yeye. Mkojo ulikuwa umefunga tangu alfajiri. Tumbo limevimba mpaka kwenye kitovu, jasho linamtoka, anauma shuka. Ameshikwa na nyapara mmoja, anamwambia, "Weldon, waambie wanipasue."

Nilirudi nyuma ya pazia. Nikatafuta mtu. Daktari kijana alijaribu kuweka mpira wa mkojo, akashindwa mara mbili, damu ikatoka, halafu akaitwa theta, chumba cha upasuaji, kwa mama aliyekuwa anavuja damu. Ogari, nesi mwenzangu wa kiume, alikuwa humo humo theta. Nikapiga simu wodi zote. Kila mtu alisema dakika ishirini. Mama, nilisimama hapo nikihesabu dakika nne, na yeye analia.

Nikavaa maski. Nikavaa kofia ya theta, nikaishusha mpaka kwenye nyusi. Nikatoa beji ya jina nikaitia mfukoni. Nikamfanyia ishara nyapara atoke. Halafu nikafanya kazi yangu. Sikusema neno hata moja, kwa sababu sauti angeijua. Alikuwa amefumba macho. Mpira ulipita. Ulitoka karibu lita moja na nusu, na uso wake ukalegea, akaanza kulia polepole, na mimi nililia ndani ya maski mpaka ikalowa.

Nyapara ananiambia alikuwa na homa, alimeza tembe za mafua mbili jioni na mbili alfajiri. Mama, si nilikuandikia?

Sasa mimi ni nani kwake? Nimefanya jambo ambalo mke wa mwana hafanyi. Nyumbani kwetu ningeambiwa nirudi kwa baba yangu. Duke hajui. Niambie la kufanya, maana mimi sijui tena.

Esnah


Wodi ya Wanaume
1 Julai 2024

Mama Duke,

Usishtuke, niko hai. Ijumaa mkojo ulifunga kabisa alfajiri, nikaenda kazini hivyo hivyo. Niliona mwisho wangu. Weldon alinibeba mgongoni mpaka barabarani, mzima mzima, na mimi si mwepesi.

Ilikuwa zile tembe za mafua. Daktari ndiye amenieleza leo. Mimi ningejuaje? Watu wote huku wanazimeza mvua ikinyesha.

Wamenipiga picha ya tumbo. Tezi imekua mara tatu. Wamenitoa damu kuangalia saratani, majibu yamekuja, wanasema haionekani. Ugonjwa wa wanawake pia wamepima, haupo. Karatasi yako ninayo, nimeikunja ndani ya Biblia. Nitapasuliwa Agosti, mpaka wakati huo natembea na mpira na mfuko.

Kuna sista aliyenisaidia. Alikuwa amefunika uso. Hakusema neno, na jina lake sijui wala sikuuliza. Nilikuwa nimefumba macho kwa uchungu. Mkono wake haukutetemeka. Mwombee tu.

Nyamwange


Litein
7 Julai 2024

Mama Nyagaka,

Nisamehe mimi kwanza. Lile neno la tembe sikuliandika. Nililiona, nikasema, hii nayo ni nini, mafua na mkojo wapi na wapi, akiisoma atajua nimeuliza mtu wa hospitali. Nikaliacha. Ningemwua kwa kuona haya kwangu. Ninalala nalo, ninaamka nalo.

Sikiliza. Hajui. Ameniandikia mwenyewe: sista alikuwa amefunika uso, alikuwa amefumba macho. Basi jambo hili tunalijua wewe na mimi na Mungu. Tulizike hapo. Ukimwambia, hatakula kwako tena, na hatakaa katika nyumba uliyomo. Ataona wewe umevunjika na yeye amevunjika.

Hujafanya kosa. Njoo kama unavyokuja siku zote.

Mama


Bomet
23 Julai 2024

Mama,

Nimejaribu, siwezi. Duke amekuja huko kumwona baba mara mbili na mimi nimesema niko zamu. Sikuwa zamu. Nilikuwa nimeketi kitandani na viatu vimevaliwa.

Wewe unasema hajui, lakini mimi najua. Kila nikifikiri kuingia kwenye boma lake naona lile pazia. Kumwamkia nikijifanya mambo ni kama zamani, hiyo ni kumdanganya mzee usoni. Na kumwambia ni kumwua. Sasa nipite wapi?

Duke ameanza kuniuliza kama nina kitu na wazazi wake. Juzi tuligombana. Amesema kama siwezi kumjali baba yake akiwa mgonjwa, basi hajui alioa nani.

Msinitarajie operesheni ikiisha. Nimeomba uhamisho, labda watanipeleka kituo cha afya cha Sigowet. Nimechoka, Mama.

Esnah


Litein
25 Agosti 2024

Mama Nyagaka,

Barua hii imeandikwa na mimi Nyamwange mwenyewe. Mama Duke hajui ninaiandika. Nyaberi atakupa mkononi.

Nimepasuliwa, mpira umetolewa, sasa ninakojoa kama kijana. Samahani kwa neno hilo. Nimelifuta mara mbili nikalirudisha, kwa sababu wewe ni mtu wa hospitali, na kwa sababu kati yangu na wewe hakuna maana tena kulificha.

Nilikujua. Nilikujua kabla hujafika kitandani. Watu wote wa hospitali wanamjia mgonjwa kwa mbele, wanamkodolea macho. Wewe ulikuja kwa ubavu, umeinamisha kichwa, jinsi ulivyonipita miaka tisa. Maski haifichi hiyo. Nikafumba macho. Mama Duke nilimwambia ni uchungu, lakini uchungu nilikuwa nao tangu alfajiri na macho yalikuwa wazi. Niliyafumba ili usijue kwamba najua, kwa sababu ningetaja jina lako ungekimbia, na haki yako ungekuwa nayo, na mimi ningekufa hapo nikiwa na heshima zangu zote.

Nilikusudia kwenda nalo kaburini. Wewe ulinyamaza kwa ajili yangu, na mimi nikanyamaza kwa ajili yako, nikaona tumelingana. Lakini Duke amekuja mara tatu peke yake, na mara ya mwisho sura yake ilikuwa ya mtu ambaye nyumba yake inaungua. Nyagaka naye ameniuliza kwa simu kwa nini mama yake hanipendi. Ndipo nikaelewa kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa kunakula nyumba ya mwanangu.

Duke nimemwambia jana. Sikumweleza mengi. Nimemwambia, mke wako aliniokoa, na alinificha uso wake ili asinivunjie heshima, na ukimwuliza neno lolote juu ya siku hiyo wewe si mwanangu. Alilia. Mtu mzima, alilia mbele yangu.

Usihame. Huna ulichovunja. Aibu ilikuwa yangu, nimeibeba tangu Januari, nikaacha maji kwa ajili yake, nikadungwa sindano za bure, nikamfanya mama yako anishuku na wanawake nisiowajua, yote nisije nikaonwa na wewe. Na wewe uliponiona, ulifanya kazi yako ukaenda zako, na mimi niko hai.

Njoo Jumapili na mtoto. Sitakuangalia, na wewe usiniangalie. Sitasema asante mbele ya watu wala pembeni. Nitageuza uso kama siku zote, na wewe ujue kwamba ndiyo asante yangu, kwa sababu nyingine sikufundishwa.

Ukishasoma, choma.

Baba yako,
Nyamwange